Kikao cha Vyombo vya Wageni

Usiku wa kuamkia Jumapili niliota vyombo vya jikoni kwangu vimeitisha kikao, na mimi nimechelewa.

Kwanza mlijue jiko lenyewe, msije mkadhani nazungumzia jiko la maana. Ni jiko la nyumba ya kupanga hapa Morogoro, refu kama jeneza na pana hivyo hivyo. Vigae vya ukutani vina maua ya kahawia ambayo naamini hata aliyeyachora aliyajutia. Milango ya kabati ni ya fomeka iliyovimba kwa maji. Bomba haliwezi kutoa maji kabla ya kukohoa mara mbili. Kaunta, yaani hapo pa kukatia kitunguu, ina upana wa gazeti lililofunguliwa, na hilo gazeti limekaliwa na hotipoti kubwa yenye maua ya waridi, niliyopewa kwenye kichen pati yangu miaka sita iliyopita. Bado imevaa nailoni ya dukani. Mimi chapati nasukumia sakafuni, nimepiga magoti, nisije nikamsumbua mheshimiwa.

Hotipoti hiyo imefanya kazi siku tatu tu maishani mwake. Ilikuwa mwaka jana, mama alipokuja kutoka Same akiwa na nia ya kukaa mwezi mzima. Nikamketisha kwenye kochi, nikamwashia televisheni, nikampakulia chakula kutoka kwenye vyombo vya wageni. Kila aliponyanyuka kuja jikoni nilimwambia, "Mama, pumzika, huku hakuna nafasi." Siku ya nne akafunga mzigo. "Nimehudumiwa vizuri sana, mwanangu," akasema, kwa sauti ile anayomshukuru nayo nesi. Nilienda kulia chooni.

Sasa Jumapili alikuwa anakuja tena, baada ya kumbembeleza miezi minane. Nikaapa safari hii atakaa jikoni na mimi. Na kwa kuwa akili zangu nazifahamu mwenyewe, Jumamosi nzima sikuondoa chombo hata kimoja. Nilikwenda kununua karatasi ya kubandika yenye sura ya marumaru. Kwenye simu nimeona wanawake wakiibandika kwa dakika moja na jiko likawa la balozi. Nikaiweka karibu na kitanda, nikalala.

Basi, nafungua mlango wa jiko. Ni saa sita mchana. Hotipoti ya waridi imekaa kitini, na kiti ni kaunta yangu. Kulia kwake ziko glasi sita za juisi, ambazo ndizo katibu, na zinaongea kwa pamoja. Heriel, mume wangu, amekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kabati pamoja na mabeseni, kwa sababu ya nafasi. Halalamiki. Ananipungia mkono.

"Binti, umechelewa," inasema hotipoti.

"Nilikuwa nimelala."

"Tumeliandika hilo," zinasema glasi.

"Ajenda ni moja. Kuna mgeni anakuja."

"Si mgeni. Ni mama yangu."

"Amekula ndani yangu siku tatu," inasema hotipoti, bila hasira. "Anayekula ndani yangu ni mgeni. Mgeni hukaa sebuleni, hutazama taarifa ya habari, kisha huondoka. Huo ndio utaratibu."

"Na ninyi kazi yenu hapa ni nini?"

"Kusubiri wageni."

"Miaka sita?"

"Hatuna haraka. Sisi si sufuria."

Juu ya jiko la gesi, sufuria yangu nyeusi, inayonipikia asubuhi, mchana na jioni, inainamisha uso. Nataka kuitetea lakini sipewi nafasi ya kuchangia. Glasi zinasema orodha ya wachangiaji imefungwa tangu mwaka ule wa harusi.

Nikaona nisibishane na bati lenye maua. Nikachukua nyundo na msumari nitundike rafu ukutani, wakae huko juu na utaratibu wao. Bomba likakohoa mara mbili, kisha akatoka Mzee Nyambuya, mwenye nyumba wangu, akitanguliza miwani. Alipomaliza kutoka akajikung'uta maji na kukunjua mkataba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kifungu cha tatu kinasemaje, mama?"

"Hakuna kupigilia msumari."

"Msumari wenyewe umekubali?"

Sote tunautazama msumari. "Mimi ni wa kiatu," unasema. "Hapa nimefika kwa bahati mbaya."

"Umeona," anasema Mzee Nyambuya. "Na kifungu cha saba: mpangaji ataliacha jiko kama alivyolikuta. Usibadili kitu. Jiko hili lina historia."

Historia! Jiko ambalo mlango wa kabati ukiufungua unabaki nao mkononi. Lakini mwenye nyumba habishiwi hata ndotoni, nikamwambia, "Sawa, mzee." Nikachukua karatasi yangu ya marumaru. Hiyo haina msumari.

Nabandika. Karatasi inasema dukani imeandikwa marumaru, na yenyewe ni mtii. Papo hapo inakuwa marumaru. Kaunta inanyanyuka mpaka kidevuni kwangu, dari linapaa, na nimesimama kwenye mapokezi ya hoteli. Kijana wa watu mwenye tai, kwa kweli ni mzee kunizidi, ananitazama kutoka kandambili hadi kilemba.

"Nikusaidie nini, madamu?"

"Nataka kukata kitunguu."

"Una miadi?"

"Na kitunguu?"

"Kitunguu amesafiri. Labda umwachie ujumbe."

Nikaona hapa sina langu. Nikavuta pumzi kwa hasira, na mvuke wa pumzi yangu ukabandua kona ya marumaru. Ndivyo ilivyo fahari ya siku hizi, haistahimili hata mvuke wa chai. Chini ya ile kona nikaiona kaunta yangu ya zamani, na makovu yote ya kisu.

"Usinitazame," inaniambia. "Wamenivalisha."

Nikaionea huruma. Nikaendelea kubandua, nikibandua naingia chini, na kutahamaki nimetokea upande wa pili, ukumbini, kwenye kichen pati yangu.

Wanawake wote wako pale na sare za kijani. Shangazi Nakijwa, dada wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa shughuli na ndiye aliyenunua hotipoti, ameshika maiki kwa mikono miwili. Wenzake wanaingia kwa foleni wakicheza, kila mmoja na chombo kichwani.

"Binti yetu Nakiete!" anapaza sauti. "Hotipoti hii haiguswi! Ni ya wageni!"

Vigelegele.

"Na mimi nitakula kwenye nini, shangazi?"

"Wewe utakula umesimama, kwenye kifuniko cha sufuria."

Vigelegele tena. Wengine wanalia kwa furaha. Nami napiga makofi, maana siku ile kweli nilipiga makofi.

Kisha namwona mama. Yuko mwisho wa ukumbi, ameshika kitu kilichofungwa kwenye khanga. Najua ni nini. Ni kibao cha kusukumia chapati, cha mti wa mninga, kirefu na kizito. Alikichonga baba, na mama amekitumia miaka thelathini mpaka katikati kimeingia ndani. Siku ile hakikutajwa. Shangazi alisema kwenye maiki, "Cha mama tutakitaja baadaye," akaendelea na glasi. Na mimi, niseme ukweli kwa kuwa ni ndoto, nilifurahi. Niliona kitanitia aibu mbele ya glasi. Nilipofika nyumbani nikakisimamisha nyuma ya mtungi wa gesi, na hapo ndipo kilipo mpaka leo.

"Shangazi, baadaye yenyewe ni lini?" namwuliza.

Shangazi Nakijwa anatazama saa yake. "Ilishapita," anasema. "Ilipita tukiwa kwenye keki."

Nikataka kumkimbilia mama, lakini ukumbi ulikuwa umekwisha. Tuko jikoni tena, na mlangoni pamejaa watu. Wageni wamefika. Wageni wote waliosubiriwa miaka sita wamekuja siku moja, wamevaa vizuri, hawana neno. Wapo wenye sare za kijani, yupo yule wa hoteli na tai yake, na mwisho wa foleni yupo mama, ameshika kikapu. Sebuleni basi la Same linaunguruma, limeegemea kochi, na kondakta anagonga bodi.

Hotipoti inafunua kifuniko. Wali unafuka. Mwiko unanyanyuka wenyewe, unapita juu ya vichwa vya watu wote na kwenda moja kwa moja kwa mama. Tonge moja tu, na ataondoka. Najua hivyo, na safari hii hata nikibembeleza miezi themanini hatarudi.

"Mama, usile!"

"Nitakula wapi sasa, mwanangu?" anasema. "Huko jikoni si hakuna nafasi. Asante sana. Mnanihudumia vizuri."

Ni sauti ile ya nesi. Iliniuma kuliko mwaka jana, kwa sababu mara hii nilikuwa namtazama usoni.

Nikamgeukia mwenye nyumba. "Mzee, nisomee tena kifungu cha saba."

"Mpangaji ataliacha jiko kama alivyolikuta."

"Nililikutaje?"

Mzee Nyambuya anavua miwani, anaifuta, anaivaa. Ni mtu wa haki, ila kwa kuchelewa. "Ulilikuta tupu," anasema. "Palikuwa na mende mmoja."

"Nipo," anasema mende chini ya sinki.

"Na hivi ni vyombo vya nani?" naiuliza hotipoti.

"Vya wageni!" inajibu, na maua yake yote yanasimama kwa majivuno.

"Si vyangu?"

"Vyako wewe? Tumekwambia miaka sita si vyako!"

"Katibu, limeandikwa hilo?"

"Limeandikwa," zinasema glasi, kabla hazijaelewa.

"Basi wageni, karibuni. Chukueni vyombo vyenu."

Hotipoti ikafunga kifuniko taratibu. "Binti," ikasema, "hebu tuzungumze." Lakini mgeni ni mtu mwenye adabu, akiambiwa chukua anachukua. Mmoja akabeba glasi, zikawa zinapiga kelele za utaratibu mpaka barabarani. Wa hoteli akakunja marumaru yake kama mkeka. Shangazi Nakijwa akaondoka na sahani za maua, akizipangusa vumbi na kulalamika kwamba zimetunzwa vibaya. Mzee Nyambuya akasema na yeye ni mgeni, aliwahi kunywa soda hapa. Akaikumbatia hotipoti ya waridi na kurudi nayo ndani ya bomba. Ilikwama kidogo. Tukamsukuma.

Heriel akashuka kutoka juu ya kabati, akajikunjua, akasema mgongo unamwuma.

Mwiko ukaanguka. Mama akaingia jikoni. Hakuniuliza kitu, alikwenda moja kwa moja nyuma ya mtungi wa gesi, akakitoa kibao, akakipuliza vumbi, akakilaza juu ya sinki. Kikakaa, ukingo kwa ukingo. Pakawa na meza ndefu kutoka dirishani mpaka kwenye kaunta yangu, na kaunta ikahema.

"Sinki unalo, kibao unacho," akasema mama. "Miaka sita unapiga magoti sakafuni unamwabudu nani? Mtoto gani wewe usiyeona?"

Ananigombeza. Hakuna nesi duniani aliyewahi kugombezwa hivyo. Nilifurahi mpaka nikaamka.

Palikuwa pameshakucha. Nikavaa khanga, nikaenda jikoni nikijicheka. Nilijua nitakachokuta, na ndicho nilichokuta: sahani za maua zimejipanga kabatini, glasi sita zimesimama kwa mpangilio, makatibu wasio na la kuandika. Kwenye fomeka mende mmoja ananitazama. Ndoto ni ndoto, nikasema. Nikafungua bomba nijaze birika.

Likakohoa mara mbili. Halafu likakohoa mara ya tatu, jambo ambalo halijawahi kufanya, na likatema sinkini kipande cha nailoni ya dukani.

Nikageuka kuitazama kaunta. Katikati yake palikuwa na duara safi, pana, limezungukwa na vumbi la miaka sita. Juu ya duara hapakuwa na kitu.

Nilimwamsha Heriel, nikamwuliza kama ameiona hotipoti ya waridi. "Tulikuwa nayo?" akauliza, akageukia ukutani akishika mgongo.

Sikuitafuta. Vyombo vingine vya wageni nilivitia kwenye maboksi, glasi zikiwa chini kabisa, nikamgawia jirani anayeozesha binti mwezi ujao. Mungu amsaidie huyo binti. Karatasi ya marumaru nikafungia maboksi. Kisha nikapiga magoti kwa mara ya mwisho, nikakivuta kibao nyuma ya mtungi wa gesi, nikakiosha, nikakilaza juu ya sinki. Ukingo kwa ukingo. Nikaweka kigoda pembeni, mbele ya kabati lililokuwa la sahani.

Mama alifika saa tano. Alivua viatu mlangoni, akaelekea kwenye kochi bila kuambiwa, kama mtu anayejua kiti chake kwa daktari. Nikamshika mkono, nikamleta jikoni, nikamketisha kwenye kigoda. Magoti yake yakagusa kabati na yangu yakagusa yake. Alikitazama kibao, akapitisha kiganja pale katikati kilipoingia ndani.

"Haya, unga uko wapi?" akasema kwa ukali. "Au nao ni wa wageni?"