Boksi la Dirisha la Kusini

Mstari wa pili haukutokea.

Mpolokeng aliinamia kipimo, akakisogeza karibu na taa, akakitazama upya. Aliyoidondosha pale ni damu ya majaribio, ile inayotunzwa kwenye friji na ambayo kila mtu maabarani anajua ina virusi. Sasa kipimo kilikuwa kinasema haina.

Damu ile hupimwa asubuhi kabla ya mgonjwa yeyote. Ndivyo walivyofundishwa na mradi wa ukimwi wa wafadhili, na ndivyo alivyofanya siku zote tangu mradi huo uanze kumlipa mshahara. Leo tu, kwa kuwa mkaguzi alikuwa njiani, wote walikuwa mbioni kusugua meza na kubandika vibandiko vipya. Katikati ya hekaheka hiyo akaingia 'Malineo, mjamzito wa ng'ambo ya mlima, mwenye haraka zake kwa sababu theluji ilikuwa inakuja. Mpolokeng akampima kwanza. Akamwambia hana, aende salama. Mwanamke akajifunga blanketi lake, akapanda farasi, akaondoka anacheka, na kicheko chenyewe sasa kilikuwa kinamchoma Mpolokeng.

Alivuta boksi la vipimo lililobaki kwenye rafu ya dirisha la kusini, akatoa kichupa cha matone yanayochanganywa na damu kwenye kipimo. Akakitikisa. Ndani kulikuwa na barafu.

"Ntate Sekoati," alimwita mzee wake kwa sauti ya chini. "Njoo uone."

Sekoati, mkuu wa maabara, alikuja huku akikaza tai aliyoivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya mwanawe.

"Nani kayaleta maboksi haya dirishani?" Mpolokeng aliuliza.

"Mimi. Stoo iko mgongoni mwa jiko la makaa, na bango la wafadhili si linasema tukwepe joto? Hapa ndipo penye baridi kuliko kote. Kwangu nyama natundika dirisha kama hili, inakaa majira yote ya baridi na haiozi."

"Vipimo si nyama, ntate. Vimeganda."

Sekoati alikishika kichupa, akakiinua kwenye mwanga. Na wa kumcheka ni nani? Bango lile lilichorwa na watu wa nchi za joto, likapambwa kwa jua jekundu la kutisha, na onyo la baridi likaachwa chini kwa herufi za kumfanya mtu akodoe macho. Huku milimani mtu hazaliwi akiogopa baridi.

"Viweke kwenye hita viyeyuke," alisema mwishowe. "Mkaguzi akiondoka tutazungumza."

"Na yule mama?"

"Mama gani?"

"Niliyempima asubuhi. Anakaribia kujifungua. Kama ana virusi na hajui, mtoto wake je?"

"Huenda hana. Wengi hawana."

"Huenda! Ndiyo nimfuate nikamwambie huenda?"

"Punguza sauti, binti! Tukikosa nyota za ubora safari hii, mashine yetu ya kupimia damu wanaihamishia mabondeni. Na wewe mshahara wako unatoka serikalini? Utarudi kwenu kulima mahindi."

Mlango ukafunguliwa. Mkaguzi, mama aitwaye 'M'e Likeleli, aliingia na buti zake zilizojaa matope, akipuliza viganja.

"Mna baridi nyie! Sisi wa mjini Maseru tunalalamika bure."

"Karibu, 'm'e, karibu! Chai ipo," Sekoati alisema, meno yote nje.

Mkaguzi alipita meza kwa meza, akisifu hiki na kile. Kila aliposifu, Sekoati alimkata Mpolokeng jicho. Mpolokeng hakuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa dirishani, kwenye njia ya mlimani, ambako farasi mmoja alikuwa anapanda polepole. Theluji ilikuwa imeanza. Yule mama akishavuka bega la mlima, njia itafungwa nyuma yake, na hakuna ajuaye itafunguka lini. Mpolokeng aliogopa. Alimwogopa Sekoati, akauogopa mwisho wa mwezi bila mshahara, na zaidi ya yote akaiogopa ile njia.

"Leo mmeshaanza kupima?" mkaguzi aliuliza.

"Bado, 'm'e," Sekoati aliwahi kujibu.

"Tumeanza," Mpolokeng alisema. "Nimempima mtu kwa kipimo kilichoganda. Yule pale, anapanda mlima."

'M'e Likeleli alikipokea kichupa, akakigeuza, kisha akatazama nje.

"Mna vipimo vizima?"

"Kuna boksi wodi ya wazazi," Mpolokeng alijibu. " Halijafika hapa dirishani."

"Sasa mmesimama mnanitazama nini? Nyota leo hampati, hilo lishaisha. Nani ana farasi?"

Sekoati alivuta tai yake ikafunguka, akaitupa mezani. Alitoka kwenda kutandika farasi wake akitukana, na haikujulikana anamtukana nani.

Aliporudi na yule mama, blanketi zao zilikuwa nyeupe kwa theluji. 'Malineo alikuwa amefura.

"Mnanirudisha kwenye baridi hii, nimewaibia nini?"

"Hujaiba. Kosa ni langu," Mpolokeng alimwambia. "Kipimo kilikuwa kibovu."

Safari hii alianza na damu ya majaribio. Mstari wa pili ukatokea, mwekundu kabisa. Ndipo akampima mama. Ukatokea tena. Akahakikisha kwa kipimo cha aina nyingine, na jibu likawa lile lile. Alimweleza akiwa amemshika mkono, machozi yanamtoka bila kuyaficha.

'Malineo aliweka kiganja tumboni. "Na huyu?"

"Ukianza dawa leo, tunaweza kumkinga."

"Basi zilete." Kisha akainua uso. "Wifi yangu naye mlimpima hapa jana alasiri, mabomba yalipoganda. Mkamwambia hana. Alirudi nyumbani usiku anapiga vigelegele, na ana mtoto anayenyonya."

Sekoati, aliyekuwa mlangoni akijikung'uta theluji, aliacha kujikung'uta.

"Kwake ni wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya mlima, jirani yangu."

Sekoati akageuka, akatoka kwenda kutandika farasi wa pili. Mpolokeng alilichukua boksi la wodi ya wazazi, akalitia ndani ya blanketi lake, kifuani penye joto, akamfuata.