Bangili Iliyoukataa Moto

Mwaka ule bei ya pamba ilipopanda, Mbuke alimwambia mumewe anakwenda Geita kununua chumvi. Wala hakudanganya, chumvi aliinunua kwanza, nyingi, ili safari ionekane safari. Ndipo akaingia kwa Kanji sonara, bangili ameifunga kwenye pindo la kaniki.

Alipewa na mama wa Kizungu wa mgodini, ambaye Mbuke alimlelea watoto, siku mama huyo anarudi kwao. Kifungo chake kilikuwa kimelegea. Yule mama alimwambia asikubali kuiuza kwa bei ya bangili ya fedha, maana hiyo inaipita hata dhahabu.

Mbuke alikuwa anatafuta ng'ombe wanane. Wazee walishakata shauri: akitaka kumwacha mumewe Masele, mahari irudi yote. Na wale wanane kaka yake Jilala alishawatoa kuolea mke wake. Angemwambiaje Jilala abomoe nyumba yake ili yeye atoke kwenye ya kwake?

Kanji aliipima, akanyanyua nyusi, akaipima tena. Akaisugua kwenye jiwe jeusi, akadondoshea dawa yake kali. Mstari uliobaki kwenye jiwe haukufutika. Akainama karibu.

"Mama, hii platinamu. Uzito tola tatu. Bombay hii inafika ng'ombe wako wanane."

"Na hapa?"

"Hapa mbuzi. Mimi nanunua kitu ninachoweza kuyeyusha."

Mbuke akajua anaibiwa. Mke wa mchimbaji gani hajui hilo? Sonara anayekataa kuyeyusha mbele ya macho yako ana lake jambo. Kanji akamwomba kwa sauti ya chini arudi baadaye, watu wakiondoka, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa wachimbaji, na Mabula wa kambini kwao alikuwa hapo na punje zake za dhahabu kwenye kitambaa. Mbuke hakutaka kusikia.

"Yeyusha hapa hapa, nione."

Kanji akamtazama kidogo, kisha akavuta mvukuto. Mkaa ukalia. Dhahabu ya Mabula, iliyotangulia motoni, ililainika kama samli muda si mrefu, lakini bangili iliwaka nyekundu, ikawaka nyeupe, ikabaki bangili. Alipoitia majini, maji yakachemka mara moja tu, nayo ikatoka inang'aa vilevile.

"Mayu, mama yangu," Mabula akasema, "hicho chuma cha reli. Kasugulie masufuria."

Benchi zima likacheka. Kanji akamrudishia, akamnong'oneza kwamba ndugu yake atasafiri kwenda Bombay pamba ikishauzwa, ailete wakati huo, polepole, bila kelele.

Mbuke alirudi kwa miguu, chumvi kichwani. Mabula alikuwa na baiskeli.

Masele alikuwa amekaa mlangoni, nyundo ya kupondea mawe miguuni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Akauliza chuma chake kiko wapi. Mbuke akafungua pindo. Masele akakipimapima kiganjani bila shaka yoyote. Dhahabu anaijua, ameiona ikiyeyuka miaka yote, na kinachokataa moto ni chuma.

"Ulitaka kunirudishia ng'ombe zangu kwa hiki?"

Akamwambia aweke mkono juu ya jiwe. Mbuke aliona maneno yamemjaa mdomoni. Akisema thamani yake, Masele ataichukua. Akinyamaza, itabaki yake. Akanyamaza. Masele akamvisha, akakipigapiga kile kifungo kilicholegea mpaka kikalala, hakuna tena pa kutia hata ukucha.

"Vaa chuma chako. Kitakufundisha."

Kesho yake Mbuke alipiga magoti akasaga mtama. Kanji ana msumeno, alijiambia, Kanji atakata. Kisha akatazama chungu cha chumvi kilichofurika pale pembeni. Ingewatosha mpaka pamba iuzwe, na zaidi, na hangekuwa na sababu ya kwenda tena Geita. Akavuta mkono, na wale ng'ombe wanane wa mkononi wakagonga jiwe la kusagia.