Kanisa la Saba

Kwetu Bari ya Kale, huku kusini mwa Italia, mtu hamalizi Alhamisi Kuu kwa hesabu ya shufwa. Unatembelea makanisa matatu, au matano, au saba kama miguu yako bado ina adabu. Mawili, manne, sita, hapana. Anayerudi nyumbani na shufwa amejibebea nuksi ya mwaka mzima. Padri wetu husema mimbarani kwamba hayo ni maneno ya bibi zetu, lakini mimi nimemwona kwa macho yangu akitoka la pili na kuharakisha kwenda la tatu.

Baada ya misa ya jioni Ekaristi huhamishiwa altare ya pembeni, ambayo wanawake tumeshaipamba kwa maua na sahani za ngano tuliyoiotesha gizani, kabatini, mpaka ikatoka nyeupe. Mahali hapo tunapaita kaburini, ingawa hakuna aliyezikwa. Unapiga goti, unasali kidogo, unachungulia sahani za wenzako uone nani ngano yake imelala, kisha unatoka kwenda kanisa jingine. Vichochoro hujaa watu waliovaa vizuri. Na kuna jambo moja ambalo hakuna asiyelijua: mwanamke na mwanamume wasio ndugu wakipita jioni hiyo wameshikana mkono, wamekwisha kutangaza uchumba. Hakuna haja ya kadi wala pete.

Sasa nimzungumzie ndugu yangu Sabino. Ni mdogo wangu, mjane wa miaka mingi, aliyekuwa mwokaji mikate tangu ujana hadi mgongo ulipomkatalia. Ni mtu mwema, lakini ana haya ambayo sijui aliirithi kwa nani, maana si kwa mama yetu wala si kwangu. Miaka miwili sasa alikuwa akimpenda Lucrezia, mjane wa Onofrio, anayeishi ng'ambo ya uchochoro wetu. Kila Jumamosi alimpelekea kipande cha pembeni cha mkate wa nyanya, kile kilichokauka vizuri, akakiweka dirishani na kukimbia kama mwizi. Lucrezia alikuwa akifungua dirisha anakuta mkate wa moto na mgongo wa mtu.

Wakati huohuo Donato, mwana wa Sabino anayefanya kazi Torino, kaskazini kabisa, alikuwa amemwandalia baba yake chumba. Tiketi ya treni ilikuwa ya Jumanne baada ya Pasaka.

"Unaenda kufanya nini huko?" nilimuuliza. "Kuangalia ukungu?"

"Hapa nafanya nini, dada?"

"Hapa unakula kwangu kila mchana na kulalamika kuhusu chumvi. Unaona ni kazi ndogo?"

Alicheka. Halafu akasema neno ambalo ninajua lilimgharimu. "Alhamisi nitatembea nanyi makanisani. Bi Lucrezia akinishika mkono, tiketi nairudisha. Asiponishika, naenda zangu kwa mwanangu, na usinililie stesheni."

"Si umwombe tu?"

"Siwezi."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikamwambia. Huyu wangu alitaka cha mvunguni kimfuate kitandani. Lakini nilikuwa nampenda, na niliogopa. Mume sina, watoto sikujaliwa. Sabino akiondoka, mimi nabaki na baraza yangu na ubao wa kufinyangia tambi. Basi nikaamua kwamba kama hawezi kuinama, nitamwinamisha.

Alhamisi ikafika. Lucrezia alitoka na koti jeusi na viatu vipya, akasimama upande wangu wa kulia. Sabino akasimama kushoto kwangu, amenyoa mpaka anang'aa. Tukaanza kwenda hivyo, nami katikati kama gunia la unga kati ya wanunuzi wawili wasiotaka kutaja bei.

La kwanza lilikuwa la Mtakatifu Nikolasi. Watu walikuwa wengi tukaingia kwa kusukumana. Sabino alitaka tushuke pia kule chini, kwenye mifupa ya mtakatifu.

"Kule chini hakuhesabiwi," Lucrezia akasema. "Ni kanisa lilelile."

"Wapo wanaohesabu," Sabino akasema.

"Wavivu hao."

Nilifurahi. Ni maneno machache, lakini yalinipita mimi katikati na kumfikia mwenyewe.

La pili lilikuwa dogo, la Mtakatifu Gregori, hatua chache tu kutoka pale. La tatu ni kanisa kuu, na huko Lucrezia alipotoka alishika ukuta, akavua kiatu kimoja na kukisuta.

"Matatu," akasema. "Yanatosha. Mimi naenda kuinua miguu."

Sabino akanitazama. Mimi nikatoa sahani ya ngano niliyokuwa nimeifunika kwa shali tangu nyumbani.

"Ninaipeleka hii kwa Mtakatifu Anna," nikasema. "Niliahidi. Ni njiani."

"Utaipeleka, mimi nitasubiri nje."

"Nje kwenye upepo huu wa bahari, na kifua chako? Ukiugua Pasaka watasema ni mimi."

Akaingia. Kaburi lao lilikuwa zuri, ila ngano yangu iliipita yote iliyokuwepo, na simsemi mtu. Tulipotoka nilihesabu kwa sauti, kama mtu aliyeshangaa: "Ebo, sasa ni manne."

"Nimekusikia, Serafina."

"Haturudi na manne, shoga."

"Nimesema nimekusikia."

Tukaenda la tano, la Wajesuiti wa zamani, na njiani nikajifanya nafunga kamba ya kiatu ili wawili wale watangulie. Nikawaona mbele yangu wakipita chini ya upinde, penye picha ya Bikira na taa yake, wameachana nafasi ya kupita baiskeli. Nikasogea nisikie. Ndugu yangu, ambaye alikuwa na jioni moja tu ya kuyaokoa maisha yake, alikuwa akimweleza Lucrezia kwamba unga wa siku hizi haunywi maji kama zamani.

"Ni kweli?" Lucrezia akamuuliza.

"Kabisa. Unatia maji, unakaa juu juu tu."

"Pole."

Nilimfinya mgongoni. Akanyamaza kabisa, ikawa nimeharibu zaidi.

Katika kanisa la tano nilisali kwa hasira. Nilimwambia Mungu kwamba nimefanya yangu yote, na kwamba si mimi niliyeiumba haya ya Sabino. Tulipotoka jua lilikuwa linazama, na kwenye vibaraza wazee walikuwa wameshaweka viti vyao kutazama wapitao. Matano. Hesabu ilikuwa imekaa sawa, na mimi sahani sina tena, visingizio vimekwisha. Tulifika kwenye kona yetu. Kushoto ni nyumbani.

"Haya," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Mungu atulinde. Lucrezia, usiku mwema."

Lucrezia alisimama. Akatazama kushoto, akaona mlango wake. Kisha akakunja kulia.

"Kiatu kinanibana," akasema bila kugeuka. "Naingia hapa kwa Mtakatifu Marko nikae kidogo."

Niliduwaa. Mwanamke anayetaka kuvua viatu haendi kanisani wakati kitanda chake kiko hatua ishirini. Na hilo lilikuwa la sita. Yeye, aliyeishika hesabu jioni nzima, hakuwa mtu wa kusahau kwamba baada ya tano inakuja sita, na kwamba ukigusa sita lazima uendelee. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa najiona mjanja mbele ya mjanja.

Ndani palikuwa na watu wachache. Lucrezia alikaa kwenye benchi la nyuma, Sabino akakaa benchi hilohilo lakini mwisho wake. Mimi nikapiga goti mbele yao, nikaficha uso viganjani, na sikusali hata neno moja.

"Bi Lucrezia," nikamsikia Sabino akisema. "Jumanne nasafiri."

"Najua. Mtaa mzima unajua. Mwuza samaki ananiambia, mfamasia ananiambia. Ni wewe tu hukuniambia."

"Sikujua kama ungependa kujua."

"Mtu anayeniletea mkate kila Jumamosi anaondoka, nisipende kujua?"

Nikawa nabana meno.

"Mkate nauacha na kukimbia," Sabino akasema polepole, "kwa sababu nikikaa nitataka kukaa kabisa. Mimi si kijana. Sina la kukuahidi. Ila asubuhi nikiamka, jambo la kwanza natazama kama dirisha lako limefunguliwa, na likifunguliwa nashukuru. Huko Torino sijui nitatazama nini."

Jamani, miaka yote nilimdhani hana maneno. Alikuwa nayo, ameyafungia tu. Machozi yalinitoka hapo nilipopiga goti, nikayafuta kwa shali kabla hawajaona.

Lucrezia alivaa kiatu chake, akainuka.

"Sita," akasema. "Haturudi na sita."

Nje aliuliza ni lipi lililo wazi karibu, nasi sote watatu tulijua ni lipi, ila hakuna aliyetaka kulitaja. Ni kanisa la Mama wa Mateso, mwisho wa uchochoro ule, dogo na jeusi kwa moshi wa mishumaa. Ni la chama cha ndugu wanaobeba sanamu Ijumaa Kuu. Onofrio alikuwa mmoja wao kwa miaka thelathini, akatolewa kwenda kuzikwa kupitia mlango ule, na tangu siku ile Lucrezia hakuwahi kuuvuka. Alhamisi zote alitembea na mimi makanisa mengine. Sikumuuliza kamwe, maana mwenye kovu usidhani kapoa.

Tulipokaribia tuliwaona ndugu wa chama wenyewe, wazee watano sita wenye kanzu zao nyeupe, wamesimama mlangoni wakipokea watu. Walimjua Lucrezia kama wanavyojua nyumba zao. Kuingia pale na mwanamume pembeni yako si sawa na kupita naye sokoni. Ni kama kumwambia marehemu mwenyewe, mbele ya marafiki zake.

Lucrezia alipunguza mwendo, akasimama chini ya taa. Mikono yake alikuwa ameikunja kifuani, ameishika kwa nguvu.

Sabino alimwona. Na ndugu yangu, ambaye ujira wake wote wa jioni ile ulikuwa hatua zile chache zilizobaki, akasema, "Tusiingie, Bi Lucrezia. Turudi nyumbani. Nuksi ya sita niachieni mimi, nitaondoka nayo. Torino hawahesabu makanisa."

Aliyasema kwa upole, bila kununa, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia.

Lucrezia akamtazama. Kisha akakunjua mikono yake.

"Onofrio alikuwa na kelele," akasema. "Nilimpenda hivyohivyo na kelele zake. Nilidhani mtu hupewa mara moja, basi." Akavuta pumzi. "Miaka miwili unaniwekea dirishani, Bwana Sabino. Kwa nini hukubisha hodi?"

"Niliogopa utafungua."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Toa mkono," akasema. "Ngazi za hapa ni mbaya."

Ngazi za pale ni mbili tu na hazina ubaya wowote. Sabino alitoa mkono kama mtu aliyeambiwa aonyeshe kidonda, naye Lucrezia akaupitisha wake kwenye kiwiko chake, akaubana, wakaanza kwenda. Wazee wa kanzu nyeupe waligeuka. Mmoja wao, Mzee Gaetano, aliyebeba jeneza la Onofrio upande wa mbele kulia, aliwatazama wote wawili kuanzia miguuni hadi usoni. Halafu akavua kofia, akasogea pembeni.

"Karibu nyumbani, Lucrezia," akasema. "Sabino, angalia kichwa, mlango ni mfupi."

Nilikuwa nyuma yao, mguu mmoja tayari kwenye ngazi. Mlangoni nikawaona wanapiga goti pamoja mbele ya maua na ngano nyeupe, yeye akimwegemea ndugu yangu kwa sababu ya goti lake, na ndugu yangu ametulia tuli, hathubutu kupumua. Hapakuwa na nafasi ya gunia la unga katikati. Nikarudisha mguu wangu chini.

Nilifurahi, tena sana, kwamba hatakwenda Torino. Nikajua pia kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa anakula kwingine. Yote mawili yalinijia kwa pamoja, na sikujua lipi ndilo lililokuwa likiniliza.

Palmira, jirani yangu, akapita na binti zake, wote wamechoka na wamejaa fahari.

"Saba sisi," akasema. "Wewe mangapi, Serafina?"

"Sita."

Akashtuka, akajifanyia ishara ya msalaba kwa niaba yangu. "Sita? Na umesimama hapo mlangoni? Ingia basi, mwanamke, kabla hawajafunga. Utatafuta nuksi kwa makusudi?"

"Mwaka huu," nikamwambia, "yangu ni sita."

Nikageuka, nikaenda zangu nyumbani.