Mwenye Nyumba wa Lindi Mjini

Evaristo alikuwa amechoka kuitwa mkwe. Kule Milola, kwa desturi ya Wamwera, alihamia kwa mkewe, akajenga nyumba imara kwenye mikorosho ya ukoo wa mke, na kila mpita njia aliisifu: "Nyumba ya Brigita hiyo!" Mwanamume mzima! Basi akauza ufuta wake wote, akanunua nyumba Lindi mjini, kwa wastaarabu.

Mama yake Brigita hakugomba. Alitaka jibu tu: kama wanahama, nyumba ya Milola apewe Veronika, mdogo wake Brigita, aliyekwisha kuposwa. Na ikishatolewa, hairudi.

Brigita akasema kwanza aione hiyo ya mjini. Akambeba binti yao Rosalia, bado mchanga, wakaenda.

Ya mjini kweli. Vyumba viwili, makuti juu, na jirani karibu kiasi cha kumsikia akitafuna. Uani, minazi miwili.

"Angalau tutakuwa na nazi zetu," Brigita akafurahi.

Evaristo akakohoa. "Minazi ya mzee Abdurahmani."

"Kiwanja je?"

"Chake pia. Mjini ndivyo, mama Rosalia, tunamlipa kodi ya kiwanja. Lakini nyumba yangu!" Akaupiga ukuta kofi la mapenzi. "Kuta, mlango, paa!"

"Hongera, baba Rosalia. Umeikimbia ardhi ya mkweo, umekimbilia ya mtu baki."

Akaingia ndani, akamlaza mtoto mkekani. Mtoto akalia, akamwinua amnyonyeshe. Hapo hapo nazi ikapasua makuti, ikatua pu! mkekani, pale pale alipokuwa amelala.

Mlangoni akatokea mzee wa kanzu. Nje, mkwezi wake alikuwa bado juu ya mnazi.

"Shikamoo, mzee," Brigita alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mtuwie radhi. Chumba chenu, ila nazi yangu." Akavua makubadhi kwa adabu zote, akaingia, akaichukua.

"Na hilo tundu, mzee?"

"Tundu lenu. Paa si la mumeo?"

Alipoondoka, Brigita akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga mara mbili.

"Ziba hapo, kisha umpangishe apendaye mjini. Mimi nakwenda kumwambia mama, Veronika ajengewe yake."

"Na mimi?"

Akamtazama, huruma ikamshinda.

"Njoo, mume wangu. Kule utalala kwa mkwe, lakini utalala."