Neno la Mwisho la Melance

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakumjua Léonce. Uongo wake ulizaliwa Kigali, mbele ya mama mfiwa, na miaka kumi baadaye ulikuwa ungali unatembea kwa miguu yake wenyewe, umenenepa, unaheshimiwa na watu kuliko hata yeye aliyeuzaa.

Alikuwa na duka la kuchapisha fulana na mabango huko Muhima, mtaa wa Kigali, lakini Warundi wenzake walimjua zaidi kwa mdomo. Posa ikipelekwa, Léonce ndiye msemaji. Mtu akifariki, Léonce ndiye anayesimama mbele ya viti vya kukodi na kuwasemea wafiwa. Ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa laini kuliko ndimi nyingine zote.

Ulimi huohuo ndio uliompa kipaza sauti mwaka 2015, rais wa kwao alipotaka muhula mwingine na vijana wa Bujumbura wakamiminika barabarani. Mtaani kwao Musaga, Léonce akisema "kaeni," walikaa. Akisema "imbeni," waliimba. Melance, mtoto wa jirani yake Illuminée, Léonce mwenyewe ndiye aliyempanga kwenye kizuizi cha magogo na matairi. Kijana mpole, hajawahi kumkatalia jambo.

Siku polisi walipokuja na risasi za moto, Léonce alimshika bega.

"Shikilia hapa. Nakwenda kuleta wenzetu, narudi sasa hivi."

Na kweli alikuwa na nia ya kurudi, tusimwonee. Lakini kabla hajafika mbali mkewe akampigia simu: shemeji ana gari, linaondoka kwenda Rwanda, nafasi iko, na mtoto Belyse bado ananyonya. Léonce akasimama njiani na simu mkononi. Kisha akaenda upande wa gari. Jioni alikuwa ameshavuka mpaka. Melance alishikilia kama alivyoagizwa, akapigwa risasi palepale, na maiti yake haikuonekana tena.

Illuminée alifika Kigali baadaye, na mtoto aliyebaki, Achille, akimfuata nyuma. Matanga yakawekwa bila kaburi. Kwao matanga hayaanuliwi mpaka aliyekuwa na marehemu mwishoni aulizwe mbele ya watu: "Ametuachia neno gani?" Neno hilo ndilo wasia, na wasia wa marehemu haubishaniwi. Mzee wa ukoo alipouliza, macho yote yalimgeukia Léonce. Nani mwingine angekuwa na Melance, kama si kiongozi wake?

Neno moja lingetosha: sikuwepo. Léonce alimtazama Illuminée, midomo imemkauka, amesogea ukingoni mwa kiti akisubiri kitu chochote cha mwanawe. Aibu ikamjaa, na katikati ya aibu ulimi ukajiendea.

"Alisema: nisiporudi, endeleeni."

Illuminée alifumba macho, akatikisa kichwa polepole, kisha akaomba maji. Alikuwa hajanywa kitu tangu asubuhi. Watu wakamshukuru Léonce.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya misa ya kumbukumbu, Léonce alichapisha fulana zenye sura ya Melance na maneno yale chini yake. Hakumtoza mtu hata faranga. Kila fulana iliyotoka kwenye mashine ilimchoma yeye kabla ya mvaaji, na bado mwaka ukifuata alichapisha nyingine. Moja Illuminée aliipigilia misumari ukutani, katika nyumba aliyopanga Busanza. Haikuwepo picha nyingine sebuleni isipokuwa ya Bikira Maria.

Jumapili moja mwaka huu, Illuminée alimpigia simu. Sauti yake, iliyozoea kushindana na makelele ya stendi ya Nyabugogo alikouza dagaa, siku hiyo ilikuwa ndogo.

"Baba Belyse, mtoto anataka kwenda."

"Kwenda wapi, Mama Melance?"

"Kule milimani, Kongo. Kuna watu wanakusanya vijana, wanawapa bunduki, eti warudi nyumbani kufukuza serikali. Ameuza vyombo vyake vyote vya kutengenezea simu. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia, sha, ndugu yangu. Njoo."

Léonce alienda. Alimkuta Achille sebuleni, kijana wa miaka ishirini na moja sasa, mabega ya kaka yake, kavaa fulana yenye sura ya kaka yake. Illuminée aliketi karibu na mlango akichambua dagaa kwenye sinia, akijifanya moyo wake haupo pale.

"Tonton, karibu," alisema Achille, aliyezoea kumwita mjomba kwa Kifaransa. "Najua Mama amekuita. Lakini wewe utanielewa. Angalia nchi za wenzetu, vijana wanaingia barabarani, wiki haiishi, rais amekimbia!"

"Sisi tuliingia na matawi ya miti mkononi," Léonce alisema. "Pale Musaga hakuna aliyemuuliza mwenziwe ni kabila gani. Tulikula sahani moja. Lakini bunduki ikiingia, Achille, watu wanaanza kuulizana. Jirani anamtazama jirani pua, apate kujua kabila lake. Wewe ulizaliwa vita vikikaribia kwisha, hukuviona. Mimi nilivikulia. Mtakayemfukuza ataondoka kwa ndege. Watakaokufa ni wauza dagaa."

Maneno mazuri. Léonce mwenyewe aliyasikia jinsi yalivyo mazuri, na akajichukia.

"Na matawi ya miti yalileta nini?" Achille aliuliza kwa upole. "Kaka alikuwa na tawi. Alisema tuendelee. Hakusema tuendelee kukaa Kigali."

Hapo Léonce akajua kwamba hana pa kujificha. Alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Achille, sikuwepo alipokufa kaka yako. Nilimwambia ashikilie, nikasema narudi, nikapanda gari. Nilikimbia. Nilikuwa nimeshavuka mpaka uliponifikia msiba wake."

Kule mlangoni vidole vya Illuminée vilisimama juu ya sinia.

"Hukuwepo?" alisema Achille. "Na yale maneno je? Nani aliyasikia?"

Lilikuwa swali lilelile la siku ya matanga, na jibu lilikuwa fupi vilevile. Hakuna. Niliyatunga. Léonce alinyanyua macho akamwona Illuminée, midomo imekauka kama siku ile, ameishikilia sinia kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Angemwambia mwana ukweli, na hapohapo angemuua Melance mara ya pili mbele ya mama yake.

"Yaliletwa," alisema. "Na kijana aliyekuwa naye. Akaniambia mimi, mimi nikawaambieni."

Illuminée alishusha pumzi. Vidole vikarudi kwenye dagaa.

"Ulikuwa na mtoto mchanga," alisema bila kumtazama. "Baba Belyse, mimi ningekwambia kimbia. Mungu akusamehe, mimi nimekusamehe. Kama neno lake lilifika, imetosha."

Msamaha gani huo! Léonce aliupokea, ukamwingia moyoni kama mwiba, maana alijua umesimama juu ya nini. Wahenga walishasema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Huyu alichelea mama kulia.

Achille alisimama, akamwekea mkono begani, kwa heshima, bila hasira hata kidogo.

"Asante kwa ukweli, Tonton. Wewe ulikimbia, hilo ni lako na Mungu. Yeye hakukimbia. Sasa ndiyo namwona mkubwa zaidi."

Wiki haikuisha. Asubuhi moja Achille alipanda basi pale Nyabugogo, hatua chache kutoka meza ya mama yake, asimuage. Aliyemwona alisema alikuwa na begi dogo na koti, na chini ya koti fulana ile. Léonce alipopata habari alifunga duka akakaa ndani gizani. Alijiambia kwamba kesho ataenda Busanza akaseme yote. Alijiambia hivyo kesho yake pia. Mvua za vuli zikaja, naye bado hajaenda.

Kisha akaja kijana mmoja aitwaye Shami, anachechemea, uso umekonda. Alikuwa ametoroka kule milimani. Léonce aliitwa, maana msemaji wa wafiwa ni yeye, na alipofika Busanza alikuta viti vya kukodi vimeshapangwa na vijana wa mtaani wamejazana hadi mlangoni.

Shami alieleza kwa kifupi. Walishambuliwa alfajiri, wakatawanyika kila mtu kivyake, Achille akapigwa wakivuka mto. Alieleza mto ulivyokuwa na maji yalivyokuwa baridi. Aliongea akimtazama kila mtu usoni, kama asemavyo mtu aliyeona.

Ikabaki kazi ya msemaji. Léonce alisimama. Aliijua desturi, na watu walikuwa wanaingoja.

"Wewe uliyekuwa naye mwishoni," alisema. "Ametuachia neno gani?"

Shami alimtazama Illuminée aliyesogea ukingoni mwa kiti, kisha akatazama sakafu. Halafu macho yake yakapanda ukutani, yakapita kwa Bikira Maria, yakatua kwenye fulana iliyopigiliwa misumari. Léonce aliyaona yakisoma. Akaijua hali ile, aliwahi kuwa nayo mwenyewe siku ya matanga ya Melance.

"Alisema..." Shami alianza. "Alisema, nisiporudi, endeleeni."

Mlangoni vijana wakanong'ona maneno yale, mmoja, kisha mwingine. Illuminée alifumba macho.

"Kama kaka yake," alisema. "Ego, ndiyo, kama kaka yake kabisa."

Léonce alikuwa bado amesimama. Watu wote walimgeukia, kwa kuwa wasia ukishatolewa msemaji huupokea kwa niaba ya ukoo. Alifungua mdomo. Alimwona Shami akimwomba kwa macho, alimwona mama akingoja, aliwaona vijana mlangoni, na wote hawa alikuwa anaweza kuwaokoa au kuwavunja kwa neno moja.

"Tumepokea," alisema.

Illuminée aliomba maji, akanywa. Watu walipoanza kutawanyika alimshika Léonce mkono, akamvuta pembeni chini ya ile fulana.

"Mwaka huu weka sura mbili," alisema. "Maneno ni yaleyale. Na uchapishe nyingi, Baba Belyse, usinibanie. Wale vijana wa mlangoni wote wanazitaka."