Nukta Sita Kuizunguka Boroni

Kwa Jumamosi tatu mfululizo, mwalimu wa kemia aliita jina la mama yake mzazi katika darasa la watu wazima, na hakuna aliyeitikia. Mama huyo aliacha shule akiwa na mimba ya binti huyu, ambaye sasa ndiye mwalimu wake. Sasa alikuwa amerudi kutafuta cheti chake.

Kipindi kilipokwisha, binti alimfuata nyumbani. Alimkuta anapiga pasi.

"Mama, umeyachoka masomo?"

"Kichwa kimezeeka, mwanangu. Hata kuhesabu siwezi." Hakuinua macho. "Zile nukta za jaribio nilizihesabu mara tatu, nikapata sita. Wewe ukaweka kosa."

Karatasi ya jaribio ilikuwa kabatini, imekunjwa vizuri. Binti aliikunjua. Boroni katikati, florini tatu pembeni, nukta sita za elektroni kuizunguka boroni. Chini yake, kwa wino mwekundu, mwandiko wake mwenyewe: *Kila atomi hutaka nane. Hesabu tena.*

Siku ile ya kusahihisha alikuwa na karatasi arobaini mezani. Jicho lilitafuta nane, kalamu ikakata kila kisichokuwa nane. Boroni ina tatu zake, florini tatu zinaichangia moja moja, inapata sita na kutulia nazo. Aliyajua hayo tangu chuoni. Angeweza kusema amepitiwa, wakacheka, yakaisha. Lakini mtu aliyesubiri miaka ishirini na sita kurudi kwenye dawati alikuwa ameondoshwa na wino wa dakika moja.

"Ulipata, mama. Niliyekosea ni mimi. Kanuni ile ina atomi zisizoifuata, na sikuwaambia. Jumamosi nitalisema mbele ya darasa zima."

"Usijiaibishe kwa ajili yangu."

"Nitalisema."

Mama alichomoa pasi, akaketi, akaivuta karatasi karibu.

"Kuna na nitrojeni na oksijeni, atomi moja ya hii na moja ya ile," alisema, akizichora kwa kalamu pembeni. "Nilijaribu mwenyewe. Nukta zinakuja kumi na moja, moja inabaki peke yake. Hapo ndipo nikaona nimechanganyikiwa kabisa."

Binti alicheka huku machozi yakimlengalenga. "Hukuchanganyikiwa. Ni kumi na moja kweli."

"Sasa hii isiyo na mwenzake naiweka wapi?"

"Kwenye nitrojeni."

Mama aliiweka nukta taratibu, kisha akaigeuza karatasi upande wa pili, uliokuwa mweupe.