Iko Matengenezo

Injini ya boti ilifika Tunduma Jumatatu asubuhi, imelazwa nyuma ya pikapu juu ya magunia ya samaki wakavu, na mwenye nayo akashuka akiwa ameshika kiuno. Alikuwa Andongwisye, mtu wa Ileje aliyehamia Ziwa Rukwa kwa ajili ya uvuvi, mnene, mcheshi, asiyependa kusubiri.

"Imekunywa maji, fundi," alimwambia Osea. "Leo tunaikausha, kesho imekunywa tena. Juzi imetuzimikia katikati ya ziwa na upepo ule. Tumerudi kwa makasia."

"Imekunywa kiasi gani?"

"Kama mlevi."

Gereji ya Osea ilikuwa nyuma ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Riziki yake ilikuwa hayo malori. Injini ya boti aliiona kwa nadra, kwa kuwa ziwa liko mbali, chini kule bondeni, kupita Msangano. Lakini injini ni injini. Alifungua sanduku lake la spana, akazifuta moja moja kwa kitambaa, maana zilikuwa zimelowa. Spana za Osea zililowa kila siku, masika na kiangazi. Alishabadilisha mabati ya paa, alishalihamisha sanduku kona zote za gereji, mwishowe akachoka, akawa anafuta tu. Sanduku lenyewe alipewa zawadi na baba yake mdogo, mzee Hezron, siku alipoanza ufundi, na mtu hatupi zawadi ya mzee kwa sababu ya unyevu.

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa chai ya maziwa. Hapo fundi hahitaji kuambiwa: maji yameingia, kazi iliyobaki ni kujua yamepita wapi. Osea alianza na njia zinazojulikana. Pengine bomba la moshi lilikaa chini mno, mawimbi yakawa yanarudi nalo. Lakini Andongwisye alikuwa amelipinda juu kama shingo ya bata. Pengine gasketi imeungua. Alifungua silinda hedi, kile kichwa cha injini, akaikuta gasketi nzima, mpya kuliko injini yenyewe. Pengine chuma kimepasuka. Alikipaka mafuta ya taa, akakifuta, akakipaka chaki, akasubiri ufa ujichore. Chaki ilibaki nyeupe. Basi akamwaga maji yote ya kupozea, akapuliza kila tundu kwa kompresa hadi likakauka, akaweka oili mpya, akafunga, akaenda kula.

Kesho yake oili ilikuwa chai ya maziwa.

"Gereji yako inavuja," alisema Andongwisye.

"Mvua haijanyesha tangu Mei."

"Kweli," alikubali Andongwisye, akaenda kutafuta supu.

Osea alifungua sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, akaiacha injini tupu juu ya matairi mawili. Haikuwa na oili wala maji wala dizeli. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Jua lilipoanza kuteremka, wakati ambao wanawake wa vijijini hushika ndoo, injini ilianza kutoa maji. Hayakupita kwenye ufa, maana ufa haukuwepo. Yalitoka penye chuma kizima, kwanza yakidondoka, kisha yakichuruzika, kisha yakimwagika kama mtu aliyefungua bomba na kwenda zake. Osea aliweka beseni. Lilipojaa aliweka jingine.

Alichovya kidole, akaonja. Mafundi huonja, ndivyo wanavyojua maji yametoka kwenye radieta au mtoni. Maji ya Rukwa yana uchungu wa magadi na harufu ya kambale. Haya yalikuwa matamu, ya baridi hadi meno yakamuuma, na mwishoni yaliacha ladha ndogo ya chuma. Osea alikua akiyanywa. Yalikuwa maji ya kisima cha Ihezya, kijiji chao, kule vilimani nyuma ya Nanyala.

Ndipo alipoitazama vizuri hendeli ya kuwashia. Ilikuwa imeungwa kwa kipande cha jembe. Mhunzi wa Ihezya ndiye aliyeiunga, mwaka mmoja ilipovunjika, na Osea mwenyewe ndiye aliyemvutia mivukuto siku hiyo. Rangi ya bluu ya boti ilikuwa imepakwa juu ya kiungo, ila kiungo hakijifichi kwa aliyekiona kikiwa chekundu.

Watu wa Ihezya walichangia kahawa yao kupata injini ya pampu. Walichimba mtaro wenyewe, kutoka kisimani hadi penye kanisa, na kwa muda maji yalitoka asubuhi na jioni, na wanawake wakasahau njia ya kijitoni. Kisha siku moja injini ilikohoa. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee Hezron huyo huyo, aliipakia kwenye lori, akasema anaipeleka matengenezo. Tangu hapo kila aliyemuuliza alijibiwa kwa upole: iko matengenezo. Likawa jibu la kijiji. Mtoto akiuliza kwa nini bomba la kanisani halitoi maji, mama yake alimwambia injini iko matengenezo. Jumapili mchungaji aliitaja katika maombi pamoja na wagonjwa, kati ya bibi mwenye moyo mkubwa na kijana aliyevunjika mguu, na waumini wote wakaitikia "Amina". Watu wakarudi kijitoni, ambako ng'ombe hunywa kwanza. Masika iliyopita maji ya kijito yalimuua Erica, mtoto wa pekee wa Ruti, dada yake Osea. Alihara siku mbili akakauka.

Maji yalipokuwa yakiendelea kumwagika, kwenye bomba la moshi zikaanza kusikika ndoo. Zilikuwa zikigongana kama zinavyogongana foleni inaposogea. Wanawake walikuwa wakimgombeza mwenzao aliyeweka ndoo mbele halafu akaenda kusuka. Osea alizitambua sauti, hata ya mama yake mzazi. Alikaribia kutabasamu. Ndipo nyuma yao wote, mbali, mtoto akauliza, "Kifuniko changu kiko wapi?"

Alikuwa Erica. Hakuwahi kuiona ile pampu ikifanya kazi. Ilichukuliwa kabla hajazaliwa. Hata hivyo alikuwa kwenye foleni, mwisho kabisa, na kidumu chake kilichowahi kuwa cha mafuta ya kula, ambacho kila mara alikipotezea kifuniko. Osea alilia. Alilia kwa sauti, na fundi matairi wa jirani, mtu mwenye adabu zake, akaongeza redio ili asimwaibishe.

Asubuhi alimpa Andongwisye majibu.

"Injini yako haiingizi maji. Inapampu. Ni ya kisima cha Ihezya, na haijaacha kazi."

Andongwisye alijikuna shingo. "Aliyeniuzia hakusema."

"Ni nani?"

"Mzee mmoja wa Mbozi, mstaarabu sana. Hezron. Tulimwomba Mungu kwanza, ndipo tukapakia."

"Inatakiwa irudi kijijini."

"Mimi sikuiba, fundi. Nenda kaongee naye. Akinirudishia hela yangu, naipeleka mwenyewe kwa pikapu hii hii, na mafuta juu yangu."

Yalikuwa maneno ya haki, na Osea aliondoka kwenda Vwawa kwa mzee akiwa na tumaini. Njia nzima alijipangia namna atakavyosema. Alitaka kitu kimoja tu: injini irudi pale kisimani, maji yafike penye kanisa, na Ruti asirudi tena kuchota kwenye kijito kilichomzikisha mwanawe. Alikuwa tayari kupiga magoti.

Mzee Hezron alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Alimpokea kwa moyo mkunjufu, akaagiza chai na maandazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unaonekana umekonda. Tunduma hamli?"

Osea alimweleza yote: oili, chaki, maji yaliyopita penye chuma kizima, hendeli, ndoo kwenye bomba la moshi. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa mahali panapostahili. Kuhusu maji kutoka penye chuma kizima hakuuliza neno.

"Kwa hiyo iko gereji kwako," alisema.

"Iko kwangu."

"Umeifungua."

"Nimeifungua yote."

"Unaitengeneza."

"Naam."

Mzee Hezron alishusha pumzi, akaegemea kiti. "Basi Mungu ni mwema. Miaka yote nawaambia watu iko matengenezo, wananiona mwongo. Leo amenitetea."

"Baba, Erica amekufa."

"Najua. Si nilikuwepo? Mbao za jeneza zilitoka hapa dukani. Na misumari." Alimsogezea sahani. "Kula."

Osea hakula. Alisema injini ni mali ya watu wa Ihezya, na kwamba Jumapili atasimama kanisani awaambie iko wapi na nani aliiuza.

"Sikukatazi," alijibu mzee, bila kukunja uso. "Wewe ni mtu mzima. Zile spana zako bado zinakamata vizuri?"

"Zinakamata."

"Nilikununulia wiki ile ile injini ilipoondoka. Pesa ilikuwa bado mkononi, nikasema acha nimtoe huyu mtoto wa marehemu kaka yangu. Nzuri zile, siyo hizi za siku hizi." Alimmiminia chai nyingine. "Ukisimama, uwaambie na hilo. Usiwafiche kitu."

Muda ule Osea alijua kwa nini spana zake hazikauki. Hakuhitaji chaki wala mafuta ya taa. Mke aliyemwoa, nyumba ya tofali aliyoijenga, kiwanja cha gereji, watoto wake waliokunywa maji yaliyochemshwa, vyote alivifungua kwa spana zile. Alikunywa chai yake yote, akaaga vizuri, akarudi Tunduma.

Andongwisye naye hakuwa amelala. Mabomba ya mtaa ule yalikuwa yakitoa hewa kwa wiki kadhaa, na kina mama waliufuata mkondo uliokuwa ukitambaa kutoka gereji, wakafika na ndoo zao. Hakuna aliyeuliza maji yametoka wapi, waliuliza yanauzwaje. Osea alipofika alikuta injini imepandishwa juu ya matofali, tenki jeusi limewekwa chini yake, na koki imefungwa. Msichana aitwaye Gloria alikuwa amekaa kwenye kreti akipokea hela. Dereva wa lori la Zambia alikuwa akijaza dumu. "Amenshi!" alisema kwa furaha, yaani maji kwa lugha yao, akanawa uso, akanywa, akashukuru, "Natotela, natotela."

"Ziwani hairudi," Andongwisye alimwambia Osea. "Samaki wanataka barafu, wanataka nyavu, wanataka upepo utulie. Haya yanataka ndoo tu. Wewe utakuwa na fungu lako, kwa pango na kuiangalia isiharibike. Mzee wako kasemaje?"

"Kasema nisifiche kitu."

"Mtu mwema."

Osea alikusudia kulikataa lile fungu. Jioni Gloria alimwekea mkononi, naye akaliweka kwenye sanduku la spana, ambako noti zilikuwa zimelowa kabla hajafunga kifuniko. Jumapili hakwenda Ihezya. Alisema ana homa, na kwa kweli alikuwa nayo.

Baada ya siku chache Ruti alikuja Tunduma kuuza maharage. Alipomaliza alipita gereji kumsalimu kaka yake, akiwa na ndoo mpya aliyoinunua sokoni. Aliona foleni, akapanga. Zamu yake ilipofika alikinga kiganja, akanywa, akasimama kidogo.

"Haya ni maji yetu," alimwambia Gloria.

"Ndiyo, dada. Ndoo nzima?"

"Nzima."

Akalipa kama walivyolipa wengine. Kisha akaitua ndoo chini, akakaa juu ya tairi karibu na bomba la moshi, akatega sikio. Osea alikuwa chini ya lori, akamwona miguu tu, ile miguu iliyopasuka visigino. Alitamani lori limshukie. Alipotoka, dada yake alikuwa bado anasikiliza, mkono ukiwa juu ya hendeli, kidole gumba juu ya kile kiungo cha jembe.

"Erica yuko nyuma sana," alisema Ruti. "Kila wakisogea hatua moja, wanaingia wa huku mbele yao."

Ndoo ziligongana ndani ya bomba, na Gloria akaita anayefuata.

"Jumapili wameiombea tena," Ruti aliendelea. Alimtazama kaka yake usoni, bila hasira, na macho yake hayakutoka hapo. "Mchungaji akauliza kama yupo mwenye habari zake. Nikasema ninaye kaka, ni fundi, nitamuuliza. Injini yetu iko wapi, kaka?"

Injini ilikuwa kati yao, ikimwaga maji. Osea alikuwa ameshika spana, na maji yalikuwa yakitoka kwenye spana yakipita kiganjani hadi kwenye kiwiko. Neno lilimjia mdomoni, akalisikia kabisa likiwa tayari, na nyuma yake akaiona nyumba, na watoto, na sanduku.

"Iko matengenezo," alisema.

"Amina," aliitikia Ruti.

Alijifunga kitenge vizuri, akasokota kata, akaomba mtu amtwike ndoo. Osea ndiye aliyemtwika. Kisha akarudi chini ya lori, kwa kuwa dereva alikuwa akipiga honi.